Umeme ni Watu

Ilikuwako nchi, na tukitaja iko wapi mtatuuliza kwa nini tumeitaja, basi tuiache bila anwani. Jina lake rasmi lilikuwa Jamhuri Angavu ya Mwangani, na ilikuwa nchi ya raha sana ukiondoa giza. Ilikuwa na bwawa la umeme, la pili kwa ukubwa barani kwa mujibu wa jiwe lake la msingi, na nguzo zilizopangwa mstari kutoka milimani hadi mipakani. Umeme wenyewe ulikuja ulipopenda, ukakaa saa mbili tatu, ukaondoka bila kuaga. Wananchi waliuzoea, wakawa hawauulizi ulilala wapi.

Mwaka huo Waziri wa Mwanga na Subira, Mheshimiwa Profesa Daktari Ngwalu Makundi, alitangaza redioni kwamba nguzo zimechoka.

"Nguzo hizi zimesimama miaka arobaini bila kuketi," alisema kwa sauti ya majonzi. "Serikali sikivu haiwezi kuyafumbia macho mateso ya nguzo."

Kwa hiyo zingestaafishwa kwa heshima zote tarehe mosi ya mwezi uliofuata, saa sita mchana, na siku hiyo ingeitwa Siku ya Kuaga Nguzo. Tangu hapo umeme usingepita tena angani. Ungekaa ndani ya sanduku lenye mpini, na kila kaya ingepewa sanduku lake pamoja na paneli ya jua ya kulijaza. "Umeme wa kubeba," alisema Waziri. "Ukihama, unahama nao. Ukigombana na jirani, unaondoka nao." Watu walipiga makofi, maana kugombana na jirani walikuwa wanakujua.

Masanduku yalikuwa ya namna tatu, na ili mwananchi wa kawaida asichanganyikiwe, yalipewa majina ya kuku. Dogo liliitwa Kifaranga, la wati mia moja, la taa mbili, redio na simu. La kati liliitwa Tembe, la wati mia tatu, la feni na televisheni. Kubwa liliitwa Jogoo, la wati elfu mbili, na hilo liliweza friji, pampu ya maji, na hata pasi kama mpigaji pasi hana papara. Kila kaya ilitakiwa kujaza Fomu ya Haja, yenye sehemu tatu: Haja Ndogo, Haja ya Kati na Haja Kubwa. Waziri aliwahimiza wananchi wasione haya, kila mmoja atoe haja yake mbele ya afisa, na akaahidi kwamba vituo vya kutolea haja vitakuwa vya kisasa. Nchi nzima ilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha ikaambiwa kwamba asiyetoa haja kwa wakati atashtakiwa.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo, Kata ya Fanusi, aliishi fundi redio aitwaye Shaibu Mkongea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa na chama wala adui. Aliishi na mkewe, Mwanaidi, wao wawili tu, maana Mungu hakuwajalia mtoto.

Mwanaidi alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba tangu usichana wake. Kiwanda kilimpa cheti cha utumishi mwema na mapafu yaliyojaa vumbi la pamba. Sasa hakuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kukaa njiani. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni, kidude cha kimo cha ndoo kinachovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kumpelekea puani kwa mrija. Daktari alisema saa kumi kila siku, zisipungue, la sivyo asilaumiwe. Kwa kuotea umeme ulipokuja, walikuwa wakizipata.

Nyuma ya mashine kulikuwa na kibati kilichoandikwa wati 350. Shaibu alikijua kibati hicho kuliko tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo mama yake aliikadiria tu.

Tangazo lilipotoka, mtaa mzima ulihamia kibandani kwake kuuliza uchague sanduku lipi. Shaibu aliweka bisibisi chini akawaeleza, mmoja mmoja, bila kuchoka.

"Sanduku ni mtungi," alisema. "Wati ni mdomo wa mtungi: unamimina kiasi gani kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna tumbo: ukianza kumimina, maji yanakaa saa ngapi. Tumbo kubwa lenye mdomo mwembamba halikusaidii kitu kama chombo chako kina kiu ya ghafla."

"Na friji yangu ya nyama?" aliuliza Chande, muuza nyama wa pale kona, mtu mnene mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi.

"Friji ina mota, Bwana Chande. Mota ikiamka huvuta mara mbili tatu ya kawaida yake, ikishachangamka inatulia. Usichukue sanduku linalotosha tu wati za kwenye kibandiko cha friji, litazima kila friji ikiamka. Wewe haja yako ni kubwa."

"Nimekuwa na haja kubwa tangu nikiwa mdogo," alisema Chande, na kibanda kikacheka.

Kila mtu aliondoka na kikaratasi kilichoandikwa wati zake. Mama mwenye taa mbili aliambiwa achukue Kifaranga asijitwishe bure. Kinyozi mwenye mashine moja na feni aliambiwa Tembe. Na jioni ya siku hiyo Shaibu alijiandikia kikaratasi chake mwenyewe, akakipeleka chumbani.

"Tembe imepungua hamsini," alimwambia mkewe. "Ni Jogoo tu."

"Miaka thelathini na minne ya ndoa," alisema Mwanaidi, akivuta hewa katikati ya maneno, "hukunichinjia jogoo. Leo serikali inanipa."

*

Sasa hapa panahitaji kuelezwa vizuri, maana ndipo nchi ya Mwangani ilipoonyesha umahiri wake. Fomu ilikusudiwa kuuliza: UNAHITAJI WATI NGAPI? Lakini mpiga chapa wa Wizara alikuwa na vidole vinene, na herufi u na i ni majirani wa ukuta kwa ukuta kwenye kibodi. Ikatoka: UNAHITAJI WATU NGAPI?

Wenye nia mbaya watasema kwamba hakuna aliyeisoma. Huo ni uzushi. Rasimu ilipelekwa Idara ya Lugha Sanifu, wakakaa nayo wataalamu wanne kwa siku tisa, na wakagundua kosa kubwa. Haisemwi watu ngapi. Husemwa watu wangapi. Walisahihisha, wakagonga mhuri, wakapongezana kwa chai na maandazi. Jedwali nalo likanyooshwa lifuate: Kifaranga, watu 1 hadi 100. Tembe, watu 101 hadi 300. Jogoo, watu 301 na kuendelea. Nakala milioni nne zikachapwa kwa sarufi isiyo na doa.

Mwandishi mmoja wa habari, ambaye siku hizi anauza vitumbua, alimuuliza Waziri kama hakuna kosa. Waziri hakupepesa jicho.

"Wapi pana kosa?" alinguruma. "Mataifa mengine yanapima umeme kwa wati, kipimo chenye jina la mgeni ambaye hajawahi kukanyaga Mwangani, wala hatujui ukoo wake! Sisi tunapima kwa watu wetu. Umeme ni watu! Bila watu umeme utamwakia nani?"

Makofi yalipigwa dakika kumi na moja. Kabla ya wiki kwisha, Umeme ni Watu ilikuwa imeandikwa kwenye khanga, kwenye mageti ya shule na ubavuni mwa gari la maiti la manispaa. Ukatoka pia waraka: neno wati likome kutumika katika karatasi yoyote ya serikali, na afisa atakayeliona popote alisahihishe hapo hapo kwa kalamu nyekundu.

Shaibu hayo hakuyasikia, kwa kuwa redio zote alizokuwa nazo zilikuwa mbovu, ndiyo maana alikuwa nazo. Fomu ilipomfikia aliona kosa la chapa, kama mtu yeyote mwenye akili, na akili hiyo ndiyo iliyomponza. Chini ya UNAHITAJI WATU WANGAPI aliandika kwa mkono uliotulia: 350.

*

Siku ya nne lilikuja gari la polisi. Koplo alishuka na askari wawili, akasoma kutoka kwenye karatasi.

"Tumearifiwa kwamba nyumba hii ya vyumba viwili ina watu mia tatu na hamsini, waliokusanyika bila kibali."

"Tupo wawili, afande," alisema Shaibu.

"Wengine mia tatu arobaini na nane umewaficha wapi?"

Walipekua uvunguni, juu ya dari na ndani ya pipa la maji. Mwanaidi aliwatazama kutoka kitandani, mrija puani, mashine ikinguruma taratibu kando yake.

"Angalieni na kwenye sufuria, wanangu," alisema. "Kuna wengine wembamba."

Koplo aliangalia kwenye sufuria. Kisha akaandika kwamba watuhumiwa wametoroka, akamchukua Shaibu hadi ofisi ya kata kuandikisha maelezo.

Afisa Mgawo wa kata hiyo aliitwa Lukelo, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye tai moja na hofu nyingi. Alimjua Shaibu tangu zamani. Koplo alipoondoka, Lukelo alifunga mlango, akafunga dirisha, akafungulia bomba la kunawia mikono ambalo halikuwa na maji, ili angalau lipige kelele.

"Fundi, mimi na wewe tunajua ni wati," alinong'ona.

"Basi sahihisha, mwanangu. Herufi moja tu."

"Nikiandika wati nimesema Waziri amekosea. Mwenzangu wa kata ya jirani alisema hivyo. Wamemhamishia bwawani, analinda maji."

"Maji si yalikwisha?"

"Ndiyo maana kazi ni ngumu."

Shaibu alivua miwani akaifuta kwa shati. 

"Lukelo. Tarehe mosi umeme unakatika. Mke wangu atavuta hewa kwa kitu gani?"

Lukelo alivuta droo ya meza. Halafu akafungua kitabu cha kanuni, akatia kidole kwenye kifungu cha tano. Kifungu hakikusema watu wanaoishi kwenye kaya. Kilisema watu watakaokutwa kwenye kaya siku ya kuhesabu, Jumamosi, kati ya saa nne na saa sita mchana.

"Lete watu mia tatu na mmoja uani kwako, Fundi. Wakae saa mbili tu. Mimi nitahesabu vichwa, sitauliza ukoo."

*

Shaibu alitoka pale akiwa na matumaini, Mungu amrehemu. Aliona watu mia tatu si kitu. Alikuwa ametengeneza redio za watu zaidi ya hao, nusu yake kwa ahsante. Alitembea siku tatu, mlango kwa mlango, akieleza jambo lile lile kwa maneno yale yale: Jumamosi, saa nne, uani kwangu, mkae tu, ni kwa ajili ya Mwanaidi.

Hakuna aliyekataa. Katika nchi ya Mwangani watu hawakatai, wana udhuru. Kinyozi alisema angekuja, ila Jumamosi hiyo hiyo anahesabiwa kwa mjomba wake, ambaye anatafuta watu mia na mmoja wa kupata Tembe. Mama mwenye taa mbili aliogopa kwamba asipokutwa kwake atakosa hata Kifaranga. Watu wa msikitini walisema Insha'Allah, kwa ile sauti ambayo maana yake ni hapana. Koo zilikuwa zimekwisha kugawana watu. Mabibi vizee waliokuwa wamesahauliwa vijijini walikuwa wanabebwa mgongoni kuja mjini, wanapewa chai yenye maziwa, na wajukuu wanagombania nani alale nao.

Chande alimshika bega kwa mkono wenye damu ya ng'ombe.

"Fundi, wallahi shemeji namuonea uchungu. Lakini ukoo mzima nimeuita kwangu. Nyama ikioza nimekwisha. Lakini nitakutumia watoto wawili, nikizidisha."

Wala hakuwa mtu mbaya. Tukianza kuwataja wabaya katika hadithi hii hatutamaliza, na tutashangaa ni wachache kiasi gani.

Jumamosi ilipofika, Shaibu alifagia uwanja, akatandika mikeka kumi na tisa aliyoazima. Saa nne walikuja watu sita. Saa nne na nusu wakawa kumi na moja. Mwanaidi aliomba asogezwe dirishani apate kuwaona, na Shaibu akamsogeza pamoja na mashine yake. Saa tano na nusu walikuwa kumi na tisa, wakiwemo wapita njia wawili waliodhani kuna pilau.

Lukelo alihesabu. Akahesabu tena, polepole, akikaa muda mrefu kwenye kila kichwa. Akatoka nje akanywa maji, akarudi akahesabu mara ya tatu. Saa sita ilipogonga alijaza, pamoja na wenye nyumba wawili: watu ishirini na mmoja, Haja Ndogo, Kifaranga. Hakumtazama Shaibu usoni.

Chande alipata watu mia na wanne, akachukua Tembe. Hospitali ya wilaya ilikuwa na wagonjwa mia mbili na kumi, ikapewa Tembe moja kwa taa ya chumba cha upasuaji, ikabandika tangazo kwamba mwenye mashine aje na sanduku lake. Na Wizara ya Mwanga na Subira, jengo ambalo kwa kawaida hukutwa na watu arobaini, iliwasilisha orodha ya watumishi elfu moja na mia mbili, wengi wao wakiwa watumishi hewa. Ikapewa Jogoo wanne. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: watumishi hewa walipata umeme, na aliyehitaji hewa akakosa.

*

Siku ya Kuaga Nguzo iliadhimishwa kwa gwaride. Waziri alikumbatia nguzo moja mbele ya kamera, akaivisha shada la maua na kuipa saa ya ukutani. Saa sita kamili mchana swichi kuu ilivutwa. Chumbani kwa Shaibu mashine ililia mlio mrefu mmoja, ikanyamaza.

Alichomeka Kifaranga, ingawa alijua. Kilitoa taa nyekundu kabla hajaondoa kidole. Alikifungua kwa bisibisi, akatazama ndani, akakifunga. Kilikuwa kizuri tu, hakikuwa na ubovu wowote wa kutengeneza.

Mwanaidi alivumilia siku ya kwanza na ya pili kwa kuketi ameegemea mito, akihesabu pumzi. Shaibu alimpepea kwa ungo tangu alfajiri. Siku ya tatu midomo ilianza kubadilika rangi. Ndipo Chande akaingia bila kubisha hodi, amebeba kifuani Tembe yake, iliyokuwa ikiiamsha friji kwa kubahatisha, jasho linamtiririka.

"Nyama ioze," alisema. "Chomeka, Fundi."

Shaibu alitaka kumwambia kwamba haitoshi. Lakini mkewe alikuwa anamtazama, na yeye mwenyewe alitaka sana hesabu imdanganye mara moja tu. Akachomeka. Mashine iliamka, ikanguruma, hewa ikapita kwenye mrija, na Mwanaidi akafumba macho akavuta pumzi moja kamili, kisha ya pili. Kwenye pumzi ya tatu Tembe ilizima. Walijaribu mara tisa. Kila mara zilikuwa pumzi mbili, mara moja tatu.

"Unganisha na kile Kifaranga," alisema Chande, analia waziwazi. "Mia tatu na mia, si mia nne?"

"Hayaungiki, Bwana Chande. Kila moja linatoa umeme kwa mapigo yake. Ukiyalazimisha yanaunguzana."

"Kumbe na yenyewe ni majirani," alisema Mwanaidi kwa sauti ndogo. Halafu akauliza, "Umepungua ngapi?"

"Hamsini."

"Watu au wati?"

Shaibu alicheka, kwa kuwa ndivyo alivyozoea, miaka thelathini na minne, mkewe akisema neno. Alimshika mkono akaendelea kumpepea kwa mkono wa pili. Saa tisa alasiri Mwanaidi alifariki, na Shaibu hakuacha kupepea mpaka Chande alipomwondolea ungo mkononi.

*

Ukisikia watu, ndio hao. Habari ilitoka saa tisa, na saa kumi uwanja ulikuwa umejaa. Asubuhi yake, siku ya maziko, walimwagika mpaka barabarani. Alikuja kinyozi na mjomba wake na watu wote mia na mmoja wa mjomba wake. Alikuja mama mwenye taa mbili na mkungu wa ndizi. Walikuja wa msikitini, wa kiwandani, wa kijijini kwao marehemu, na watu ambao redio zao zilitengenezwa mwaka ule wa mafuriko. Mikeka ilitandikwa mitaa mitatu. Masufuria yalipangwa, kuni zikapasuliwa, na hapana aliyesema ana udhuru, kwa sababu msiba hauna udhuru. Asiyekwenda kuzika kwa wenzake atazikwa na nani?

Saa tatu alifika Lukelo, amevaa ile tai. Nyuma yake lilikuja gari la kata, na ndani ya gari, limefunikwa turubai, sanduku kubwa lenye magurudumu. Kanuni ilikuwa wazi: kaya ikiongezeka watu kwa harusi au msiba, mgawo huongezwa siku hiyo hiyo. Alikuwa amehesabu tangu kona. Walikuwa mia nne na kumi na wawili.

Na kwa kuwa lilikuwa sanduku la Jogoo la kwanza katika kata nzima, Waziri mwenyewe alikuja kulikabidhi. Vipaza sauti vilichomekwa. Feni ilichomekwa, ikaelekezwa kwake.

"Ndugu wafiwa," alisema Waziri, na sauti ikafika mtaa wa tano. "Wapo waliobeza sera yetu. Waje Fanusi waone! Mama huyu, katika uhai wake, alikuwa na haja ndogo tu. Leo, kwa kuondoka kwake, ameiletea kaya yake haja kubwa! Huyu ndiye mzalendo. Umeme ni nini?"

"Ni watu," walijibu waombolezaji wachache, kwa mazoea, kisha wakaona haya.

Akapewa Shaibu kipaza sauti ashukuru. Alikishika kama ashikavyo kitu kilicholetwa kutengenezwa, akakigeuza, akapuliza kidogo kuona kama kinafanya kazi. Kilikuwa kinafanya kazi. Akawatazama wale watu wote, mkeka kwa mkeka, waliomjia kwa mapenzi ya kweli, na yeye alijua kwamba ni ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Jumamosi mlikuwa wapi?" aliuliza.

Chande alijifunika uso kwa kofia yake. Feni iliendelea kumpepea Waziri, naye akatazama saa yake, na msaidizi wake akasema kwa haraka kwamba mfiwa amezidiwa na furaha.

*

Tanga lilianuliwa siku ya tatu. Watu walikunja mikeka, wakarudisha masufuria, wakaenda zao. Mchana huo Lukelo alirudi na gari la kata, kwa kuwa kanuni ilikuwa wazi upande huo pia. Alikaa kwenye kigoda mkabala na Shaibu, fomu magotini.

"Nisamehe, Fundi. Natakiwa kuuliza. Sasa mpo watu wangapi?"

"Mmoja."

Lukelo aliandika. Vijana wawili walisukuma Jogoo hadi garini. Halafu akampa Shaibu fomu na kalamu, akamwonyesha mstari wa mwisho, ambao kwa sheria mwenye kaya hujaza kwa mkono wake mwenyewe: SABABU YA KUPUNGUA.

Shaibu alifikiri kidogo. Akaandika neno moja, kwa herufi kubwa zinazosomeka: WATI.

Lukelo alilisoma. Alitazama barabarani, aliko dereva, akatazama waraka uliobanwa nyuma ya jalada lake, kisha akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Alikuwa na mke na watoto watatu, na bwawa lilikuwa mbali. Akaikata herufi ya mwisho, akaandika nyingine juu yake.

"Ni utaratibu tu, Fundi," alisema, macho chini. "Isome, kisha utie sahihi."

Shaibu alivaa miwani yake akaisoma. Sababu ya kupungua: watu. Aliisoma mara ya pili, taratibu, akitafuta kosa, na hakuliona. Akatia sahihi.